Nivunje vina au nivishike? Jibu kwa mtunzi wa Tanga

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 27. Babu alinifundisha kutunga tarbia, mashairi ya mistari minne kila ubeti, tangu nikiwa darasa la nne, na mpaka leo nimetunga zaidi ya mia. Mwenzangu mmoja, ambaye hughani mashairi yasiyo na vina na kuyarusha mtandaoni, ananiambia kazi zangu ni za kizamani, hazina ubunifu na hazitauzika. Babu naye anasema shairi lisilo na vina si shairi. Je, ubunifu ni lazima kiasi hicho? Na nikiacha vina, nitakuwa nimeitupa kazi ya wazee? Naambatisha ubeti wa shairi ninaloliandika kuhusu bibi yangu, ambaye ugonjwa wa kusahau umemzidi. Siku hizi anakaa na kikombe cha chai mkononi mpaka inapoa, halafu ananiuliza chai yake iko wapi.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza bibi. Nimeusoma ubeti wako mara nyingi, na barua yako mara nyingi zaidi. Nitaanza na ubeti, kwa sababu swali la ubunifu likijadiliwa hewani kila mtu huwa mshindi. Uliandika hivi:

*Bibi yangu wa Pangani, jina langu halishiki,*
*Huniuliza u nani, hata nikisema haki,*
*Chai yake mkononi, anywa kisha hakumbuki,*
*Mungu wetu wa mbinguni, mwondolee hii dhiki.*

Kihesabu hauna kosa. Kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, ukwapi (kipande cha kwanza cha mstari) unaishia kwa -ni, utao (kipande cha pili) kwa -ki, na hakuna mahali ulipoiba. Babu yako amefundisha vizuri na wewe umesikia. Ninalotaka uliangalie ni jambo lingine. Katika vipande hivi vinane, vipi vilikuja kwa sababu ya bibi, na vipi vilikuja kwa sababu ya kina?

“Jina langu halishiki” kimetoka kwa bibi. Kitenzi hicho, kushika, kinanionyesha kitu kinachomponyoka mtu mkononi. “Hata nikisema haki” kimeletwa na -ki. Hakuna anayemwambia bibi yake jina lake kisha akasema nimesema haki. Ulihitaji mizani nane zinazoishia kwa -ki, neno likapita karibu ukalikamata. Mstari wa nne ni dua, na dua ni njema, lakini ungeweza kuutoa hapa ukaupeleka kwenye shairi la njaa, la kufiwa au la deni, na usingebadilisha hata herufi. Uhai wa ubeti uko kwenye mstari wa tatu, na hata huo umepungukiwa, kwa sababu jambo zito ulilonieleza ndani ya barua halimo. Bibi ameshika kikombe, chai imepoa, naye anauliza chai iko wapi. Barua yako, iliyoandikwa bila kuhesabu chochote, imesema kitu ambacho shairi lako lililohesabiwa limekikosa.

Hapo ndipo ubunifu unapoanza. Hauanzi kwa mtu kuchoka vina au kutaka aonekane wa kisasa. Unaanza pale jambo ulilo nalo moyoni linapogoma kuingia katika chombo ulichorithi. Likiingia lote, chombo kinatosha, endelea nacho. Likigoma, usilikate miguu ili lienee. Tafuta ni sehemu gani ya chombo inayolizuia, ubadilishe hiyo.

Sasa tuzungumze na babu kidogo, kwa heshima zote. Kazi ya wazee ninayoijua mimi imejengwa na watu waliobadilisha mambo. Maandishi makubwa tuliyoyahifadhi kutoka karne ya 18 ni tenzi ndefu za dini na vita vya Waislamu wa mwanzo, kama Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Akaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka kama 1840, akalishika shairi la mistari minne na kuliingiza katika shughuli za mji: biashara, mapenzi, ukiwa, na mabishano makali ya siasa kati ya Mombasa ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Hakuvunja mizani wala vina. Alibadilisha mahali shairi linapokaa na watu linaowasemesha. Tarbia unayoitetea leo kama amana ya kale ilipata nguvu zake kwa sababu kuna mtu aliyethubutu kuitolea kazi mpya.

Na hizo kanuni tunazofundishana? Zilikuwamo vinywani na masikioni mwa washairi zamani sana, lakini kitabu kilichozipanga kama somo, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilitoka 1954. Miaka ya 1960 Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara kabisa, akalichukua shairi la kujibizana akalisimamisha jukwaani kwa sauti mbili na zaidi, ikawa ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilienea katika shule za Tanzania. Mimi mwenyewe nilisimama mstarini nimevaa kaptula nikighani upande wa mkulima, na sikujua kwamba nilichokuwa nakighani ni kitu kipya. Nilidhani kimekuwapo tangu dunia iumbwe. Ubunifu uliofaulu huwa hivyo, ukishazoeleka watu huuita jadi na kuulinda dhidi ya ubunifu unaofuata.

Huyo mwenzako naye ana mzee wake, pengine hamjui. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alitoa diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, ndani yake mkiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na akaeleza wazi kwamba alikuwa akitafuta lugha ambayo watu huizungumza kila siku. Ugomvi uliofuata uliendelea miaka na miaka. Upande mmoja ulisema hayo ni mashairi ya kigeni, upande wa pili ukasema arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ni pingu. Maneno mengi ya wakati huo hayakumtendea haki mtu yeyote. Leo wanafunzi wa sekondari wanasomeshwa aina zote mbili, na ukisoma mashairi ya Kezilahabi taratibu unaona kwamba aliacha vina kwa sababu kuna mashaka aliyotaka kuyasema, mashaka yasiyokuwa na jibu mwishoni, na kina kinachorudi kwa wakati wake kila mara humpa msikilizaji utulivu. Alihitaji kuunyima ubeti utulivu huo.

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu niliwahi kupotea njia hii. Nikiwa na umri kama wako niliacha vina kwa sababu wenzangu wote chuoni walikuwa wameviacha. Nilichukua habari niliyokuwa nimeiandika kama insha, nikaikatakata mistari mifupi, nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa malenga. Aliisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama popote, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaniuliza, “Hapa umekata mstari. Kwa nini hapa na si pale?” Akaendelea na mstari wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja swali lilelile. Sikuwa na jibu hata moja. Hakunikemea kwa kuacha vina. Aliniambia tu kwamba nimeacha vina na sikuweka kitu mahali pake.

Ndiyo maana huwa natofautisha guni na shairi huru, ingawa wengi huyachanganya. Guni ni shairi lililokusudia kufuata kanuni likajikwaa. Shairi huru halikuahidi kanuni hizo, limejiwekea nyingine: pumzi, urejeo wa neno, mahali pa kukata, picha inayotangulia na inayofuata. Ukilisikia unaweza kumuuliza mtunzi swali la yule mzee, naye akajibu.

Turudi kwa bibi. Ugonjwa wake ni wa kusahau. Na tarbia ni chombo cha kukumbuka! Kina cha mstari wa kwanza hukumbukwa na wa pili, wa tatu, wa nne. Kibwagizo hukumbukwa na beti zote. Umeandika shairi la mtu anayepoteza kumbukumbu kwa kutumia chombo ambacho hakisahau kitu. Nadhani ndiyo sababu chai ilikataa kuingia.

Sikushauri uiache tarbia. Nakushauri uitunze kamili katika beti nne au tano za mwanzo, hasa zile za bibi alipokuwa mzima, akijua kila mtoto wa mtaa na siku aliyozaliwa. Sikio la msikilizaji lizoee. Kisha, ubeti wa mwisho, uache usahau. Nimejaribu hivi, si ili uuchukue bali uone ninachosema:

*Chai yake mkononi, auliza, “Iko wapi?”*
*Namwonyesha kiganjani, atazama,*
*“Ni ya nani? Ni ya nani?”*

Hesabu. Mstari wa kwanza umetimia, nane kwa nane. Wa pili una ukwapi wa nane, halafu utao unakatika kwenye mizani ya nne. Wa tatu hauna utao kabisa. Wa nne haupo. Kina cha -ni kinashikilia mpaka mwisho, kama vile bibi anavyoshikilia kikombe, lakini upande wa pili umebomoka. Mtu aliyelelewa na tarbia atakaa akingoja mstari wa nne, na huko kungoja ndiko kulikokuwa kunakosekana katika ubeti wako. Umeona? Asiyezijua kanuni hawezi kuusikia huo upungufu, ataona tu mistari mitatu. Ubunifu huu unamhitaji babu yako. Unaegemea juu ya masikio aliyokufundisha.

Na mwambie babu kwamba wazee wana msuko, shairi ambalo mstari wake wa mwisho ni mfupi kuliko ile iliyotangulia. Wana ukara, ambamo vina vya upande mmoja hushikwa na vya upande wa pili huachiwa vibadilike. Kwa hiyo ukimghania ubeti huu na akakunja uso, muulize kwa upole kama hausikii msuko na ukara ndani yake. Nina imani ataongeza lake.

Sasa lile la kuuzika. Ni swali la haki, na siwapendi wanaowaambia vijana kwamba mwenye kipaji hafikirii pesa. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi naujua.

Angalia Siti binti Saad. Mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, Unguja, alikuwa akiuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Taarabu aliyoikuta mjini ilitoka katika kasri, tangu enzi za Sultani Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888, na ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Siti aliziacha ala kama zilivyo, akaimba Kiswahili, akaimba mambo ya watu wa Ng’ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, ya mahakamani na ya wanawake waliodhulumiwa. Mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikanunuliwa pwani nzima. Alibadilisha lugha na mlango wa kuingilia, yaliyobaki akayahifadhi, na kwa kubadilisha hivyo akapata wanunuzi ambao hakuna aliyekuwa amewafikiria kuwa ni wanunuzi. Wasifu wake, kama unavyojua, uliandikwa na mtu wa kwenu Tanga, Shaaban Robert. Naye ni hivyohivyo: mashairi yake aliyatunga kwa vina na mizani, ila katika nathari alifungua njia za insha, wasifu na hadithi ambazo Kiswahili hakikuwa kimezizoea. Alijua wapi abadilishe na wapi asiguse.

Au chukua kanga iliyo kiunoni mwako. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso na kuziunganisha kwa sindano, tatu chini na tatu juu, mpaka wafanyabiashara walipoona heri ichapwe nguo nzima. Pindo lake, mji wake. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, yakaongezwa maneno, mwanzo kwa hati ya Kiarabu, na anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeanza ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa Mali ya Abdulla. Ukienda dukani leo ukutane na kanga mbili za mji mmoja na rangi moja, utachukua ipi? Utasoma jina. Kitambaa ni kilekile, wino ni uleule, na mstari mmoja wa maneno, mara nyingi mizani nane mpaka kumi na sita, ndio unaokufanya ufungue pochi. Nani kakwambia tarbia haiuziki? Kipande chake kimekuwa kikiuzwa miaka zaidi ya mia.

Lakini nisikupambie. Kuna habari ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge huko kwenu kabla ya kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvinunua. Rangi ile inang’aa na haichanganyiki kirahisi ikiwa mbichi, kwa hiyo unapaka sehemu moja, unasubiri ikauke, unapaka nyingine. Ule mng’ao na zile kingo kali tunazozitambua leo toka ng’ambo ya barabara zimezaliwa na mkopo wa baiskeli, kama ninavyopenda kuuita. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, wakaunda ushirika, familia nyingi zikapata chakula, na hilo ni jambo la kuheshimiwa sana. Ila pita kwenye vibanda vya watalii ukatazame: tembo yuleyule, twiga yuleyule, mlima uleule. Kitu kikishaweza kuchorwa na kila mtu, mnunuzi hubaki na swali moja tu, bei. Anayechora kwa kunakili hushindana kwa kushusha. Wachoraji wa ushirika ule ambao kazi zao hutafutwa kwa majina yao ni wale waliothubutu kuingiza hospitali, daladala, harusi, soko, kila mmoja na jicho lake.

Hatari hiyohiyo inamkabili mwenzako wa mtandaoni, ingawa hajaiona bado. Kughani bila vina mbele ya simu kulikuwa kupya miaka kadhaa iliyopita. Sasa nawasikia vijana wengi wenye sauti ileile ya kushusha na kupandisha, kinanda kilekile nyuma, kimya kilekile kabla ya neno la mwisho. Hiyo nayo imekuwa kanuni, tena isiyoandikwa, na wengi wanaifuata bila kujua wanafuata. Usimchukie kwa maneno yake. Mwombe akuonyeshe anavyotumia pumzi na kimya, wewe umwonyeshe mizani. Mmoja wenu ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na ningependa kuona mtakachokitoa.

Jambo moja la vitendo kabla sijasahau. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, ya mwaka 1999, hailindi wazo, inalinda namna ulivyolisema. Hakuna mwenye tarbia, hakuna mwenye habari ya bibi anayesahau. Ila ubeti wako ukishauandika ni wako. Weka rasimu zako na tarehe zake, andikisha kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unapokuwa tayari, na mtu akitaka kuitumia kwenye wimbo au tangazo, mwombe karatasi kwanza. Nimeona beti nzuri zikiliwa na watu kwa sababu mtunzi aliona aibu kuomba maandishi.

Nimebakiwa na swali moja, na lenyewe limenisumbua tangu nilipousoma mstari wako wa kwanza. Umesema jina lako bibi halishiki. Hukuniambia lilikuwa jina gani. Sisemi la kwenye cheti cha kuzaliwa, nasema lile alilokuwa akikuitia uani ulipokuwa mdogo. Halimo katika ubeti, halimo katika barua. Jina hilo lina mizani ngapi?